Mikono ya Bamvua: shajara ya mradi wa picha za buluu, Jambiani

Juni, bamvua la mwezi mpevu

Bibi yangu mzaa mama alisokota kamba za usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi, hapa Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, tangu alipokuwa mwari hadi macho yalipomwishia nguvu, na picha pekee aliyotuachia ni ile ya kitambulisho: uso, ushungi, na mabega yaliyokatwa na ukingo wa karatasi. Mikono haimo. Nami kila ninapomkumbuka, siuoni uso kwanza. Naona namna alivyokaa mkekani, mguu mmoja ameunyoosha, viganja vikipishana na uzi ukirefuka kati yake, huku akizungumza na mtu aliyesimama mlangoni bila kuitazama kazi hata mara moja. Mikono ilikuwa ikijua yenyewe. Hilo ndilo ninalolitafuta katika mradi huu, yaani ujuzi uliokaa mwilini kwa muda mrefu hata mwenye mwili hahitaji tena kuufikiria, na miaka 14 ya kazi ya kamera imenifundisha kwamba lenzi hulipita jambo hilo kwa wepisi, kwa sababu lenzi hukimbilia usoni.

Mpango nilioukubali, baada ya kuuandika na kuufuta mara kadhaa, ni kutengeneza picha 24 za wanawake wanaolima mwani hapa kijijini, bila kamera, nikifuata bamvua, yaani siku za maji makubwa ambapo bahari hutoka mbali na mashamba ya mwani hufikika. Kila mmoja ataweka mkono, unyayo au mgongo juu ya karatasi iliyopakwa dawa, pamoja na mwani alioutoa baharini siku hiyo hiyo, na jua litafanya kazi iliyobaki: mahali palipofunikwa na mwili patabaki peupe na pengine pote patageuka buluu. Njia hii huitwa sayanotaipu, na mwanasayansi Mwingereza John Herschel ndiye aliyeigundua mwaka 1842. Huchanganywa miyeyusho miwili, mmoja wa amonia feriki sitrati na mwingine wa potasiamu ferisianidi; karatasi hupakwa kwenye chumba chenye mwanga hafifu, hukaushwa, kisha huwekwa juani. Miale ya urujuanimno huibadilisha chuma iliyomo ndani ya dawa, na maji ya kuoshea huondoa dawa ambayo jua halikuigusa na kuiacha rangi ya buluu imeshika ndani ya nyuzi za karatasi.

Mwani haukuingia katika mradi huu kwa ajili ya urembo. Kilimo chake cha biashara Zanzibar kilianza mwaka 1989 hapa Jambiani na kwa majirani zetu wa Paje, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, baada ya Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kuwa ameshafanya utafiti wa miaka mingi juu ya mwani wa pwani zetu. Mikono iliyokuwa ikifukia makumbi mchangani, kuyafukua baada ya miezi, kuyaponda na kusokota usumba, ndiyo iliyogeuka kufunga vipande vya mwani kwenye kamba. Mama yangu alikuwa mmoja wa wanawake waliobadili kazi hivyo. Kwa hiyo kamba ipo katika kazi zote mbili, na mimi nimezaliwa kati ya kamba ya bibi na kamba ya mama.

Sheha, kiongozi wa serikali hapa kijijini, ameshanipokea na kunisikiliza. Aliuliza swali moja tu, kama nyuso zitaonekana, nikamjibu kwamba hazitaonekana.

Juni, maji mafu

Siku hizi za maji mafu bahari haikauki vya kutosha, mashamba ya mwani hayafikiki, kwa hiyo nimekaa ndani nikijaribu karatasi. Shida kubwa ni unyevu. Karatasi ya pamba niliyoipaka jioni na kuilaza ndani ya bahasha nyeusi niliikuta asubuhi imeshageuka kijani kizito, kana kwamba imeona jua, ilhali haikutoka chumbani. Dawa ikikaa na hewa yenye chumvi na mvuke hujibadilisha yenyewe. Sasa napaka alfajiri, nakausha kwa feni, na karatasi yoyote isiyotumika kabla ya adhuhuri naitupa. Hasara ipo, lakini nimeikubali kama sehemu ya gharama za kufanya kazi hii pwani badala ya kuifanya katika chumba chenye kiyoyozi mjini.

Nimetumia saa nyingi pia kutazama picha za kale za Unguja. Studio ya A. C. Gomes ilifunguliwa mjini mwaka 1868, na baada yake zikaja nyingine, nayo Capital Art Studio ya mwaka 1930 imehifadhi kumbukumbu za mji mzima. Nazipenda picha hizo na nimejifunza mwanga kutokana nazo. Hata hivyo zile postikadi za enzi hizo zinazoonyesha wanawake zinanichoma kila ninapozishika: mwanamke amesimamishwa mbele ya pazia, amevalishwa, amepangwa, na chini yake hakuna jina ila maneno ya jumla kuhusu kabila au uzuri. Mwili umechukuliwa na kumbukumbu ya mwenye mwili imeachwa. Sitaki kuongeza postikadi nyingine duniani. Ndiyo maana nimechagua mguso badala ya mtazamo. Katika picha ya kivuli, mimi mpiga picha sina pembe ya kumtazamia mtu, na yeye ndiye anayeamua auweke vipi mkono wake na auondoe lini.

Julai, bamvua la kwanza

Maji yalitoka vizuri, na kufikia saa nne asubuhi mchanga ulikuwa mkavu hadi karibu na mwamba. Wanawake watano walikubali. Niliwalipa posho ya saa mbili kabla ya kuanza, kwa sababu bamvua halingoji mtu, na saa aliyonipa mimi ni saa aliyoinyima kamba yake.

Mkubwa wao, ambaye mimi humwita mamamkubwa ingawa undugu wetu ni wa mbali, aliniambia kabla sijasema lolote: "Uso wangu uwache, mwanangu, mimi mwenyewe siupendi kwenye picha. Chukua mikono. Hii kila mtu anaiona." Akainyoosha. Viganja vyake vimefanya sugu mahali pawili, chini ya kidole cha shahada na pembeni mwa kidole gumba, pale hasa ambapo taitai, kile kikamba chembamba cha kufungia mwani, hukazwa. Ngozi ya ncha za vidole imepauka na kupasuka kwa chumvi, na kwenye kifundo cha mkono wa kulia kuna kovu jeusi la zamani la mwiba wa urumba, mnyama wa baharini mwenye miiba. Niliuona ule mkono na nikaujua hata kabla haujashuka karatasini. Ulikuwa mkono wa mama.

Nilikusudia mwanzoni kuiacha ngozi iguse karatasi moja kwa moja, kwa sababu jasho lingeacha madoa yake na picha ingekuwa na maji ya mwili ndani yake. Wazo hilo lilinivutia mno. Lakini mikono hii ina michubuko na mipasuko, na sina ruhusa ya kuipaka kemikali kwa ajili ya wazo langu, hata kama wenyewe wangekubali. Nimeweka karatasi nyembamba ya nailoni angavu kati ya ngozi na dawa. Jua hupita, dawa haipiti, na jasho linabaki kuwa lao.

Kila picha inahitaji dakika saba hadi tisa za jua la saa hizo, na mtu anatakiwa atulie. Wanne walitulia. Mamamkubwa mkono wake unatetemeka kidogo, wakati wote, na hakuna la kufanya. Picha yake ilipooshwa, kingo za vidole hazikuwa kali kama za wenzake. Zilikuwa na ukungu wa buluu hafifu, vidole vikionekana kama vinayeyuka kwenye maji. Niliiweka pembeni pamoja na zilizoharibika. Usiku nikairudia, nikaitazama kwa muda mrefu, na nikatambua kwamba ile ndiyo picha pekee katika tano iliyobeba kile nilichokuwa nakitafuta. Wale wanne walikuwa wamekaa kwa ajili ya picha. Mkono wa mamamkubwa ulikuwa ukiendelea na maisha yake, na miaka yote ya kufunga taitai katika maji ya magoti imo ndani ya ule ukungu. Tangu leo sitamwomba mtu yeyote atulie. Nitamwomba aweke mkono, basi.

Julai, bamvua la pili

Kosa kubwa limetokea, na ni langu. Nilitaka picha zioshwe kwa maji ya bahari ile ile iliyoleta mwani, kwa hiyo nikaziosha picha nne palepale ufukweni, kwenye dimbwi. Buluu ilitoka nzuri kwa dakika moja, kisha ikaanza kukonda mbele ya macho yangu. Vivuli vya kati vyote, yaani ile mistari ya viganja na vijitawi vyembamba vya mwani, vikaondoka na kuacha umbo tupu. Maji ya bahari yana ualikali, yaani kinyume cha uchachu, na buluu hii haiuvumilii ualikali. Nilikuwa nalijua jambo hilo na nikaliacha lipitwe na hamu ya wazo zuri. Nikakimbilia maji ya kisima, lakini kisima chetu kimechimbwa kwenye mawe ya chokaa, nayo maji yake yakafanya vivyo hivyo, polepole zaidi.

Dawa yake imepatikana jikoni. Nakamua ndimu sita ndani ya ndoo ya lita kumi ya maji ya mvua, na picha inaoga humo kwanza kabla ya maji mengine. Ule uchachu unaishikilia buluu, na hata mikunjo ya vifundo vya vidole inabaki. Siki pia inafaa, ila ndimu ipo kila nyumba.

Wenye mikono katika zile picha nne niliwarudia mmoja mmoja na kuwaeleza. Watatu walikubali kurudia. Wa nne alisema ile iliyofifia inamtosha, ameichukua kwake.

Agosti, maji mafu

Nimesoma na kutazama upya kazi za watu wawili ambao nadhani mradi huu unawadai jambo.

Wa kwanza ni Anna Atkins, Mwingereza aliyeanza kutoa picha zake za mwani wa Uingereza mwaka 1843, mwaka mmoja tu baada ya ugunduzi wa Herschel, kwa njia hii hii ya buluu. Aliulaza mwani juu ya karatasi, mmea mmoja baada ya mwingine, kwa uangalifu wa mtu anayekipenda anachokitazama. Kuna jambo moja ninaloliona kila ninaporudia kurasa zake: mikono iliyoulaza mwani ule haimo. Kwa elimu ya mimea hiyo ilikuwa sawa. Huku kwetu mwani hauji peke yake. Haukui usipofungwa na mtu, na ukikatika hurudishwa na mtu. Kuupiga picha peke yake kungekuwa kusema nusu ya jambo.

Wa pili ni Ana Mendieta, msanii aliyezaliwa Havana mwaka 1948 na kupelekwa Marekani mwaka 1961 akiwa bado mtoto, bila wazazi. Kati ya mwaka 1973 na 1980, huko Iowa na Mexico, alifanya mfululizo wa kazi alizoziita Silueta: aliacha umbo la mwili wake kwenye udongo, mchanga, majani, maua na moto, kisha akapiga picha ya alama hiyo kabla haijafutika. Nilipoziona kwa mara ya kwanza nikiwa mwanafunzi nilidhani zinahusu kifo. Sasa naziona kama za mtu aliyeng'olewa kwenye ardhi yake akijipanda upya katika kila ardhi aliyoipata. Ametufungulia njia wengi, na sifichi kwamba bila yeye nisingethubutu kuacha umbo la mtu liwe picha nzima. Lakini wanawake wa Jambiani hawajang'olewa. Wao wapo mahali pao, na kinachoondoka ni bahari yenyewe.

Nalisema hili si kwa mafumbo. Zamani palipandwa mwani mnene na mwani mwembamba. Ule mnene ndio wenye bei nzuri, na ndio usiovumilia joto. Maji ya kina kifupi yanapochemka wakati wa kaskazi, mwani huo hupata ugonjwa, matawi hugeuka meupe, hulainika na kukatika. Kwa hiyo wengi wamebaki na ule mwembamba wa bei ya chini, na anayetaka kuupanda mnene hana budi kuufuata kwenye maji marefu, ambako anahitaji chombo na anahitaji kujua kuogelea, na wanawake wengi wa umri wa mama yangu hawakufundishwa kuogelea. Mwili una kumbukumbu ya mahali ambapo kazi ilikuwa ikifanyika, hatua ngapi kutoka ufukweni, maji yafike wapi kwenye paja, na mahali hapo hapafai tena.

Agosti, bamvua la mwezi mwandamo

Migongo. Niliiogopa sehemu hii kuliko zote. Mgongo wa mwanamke si kitu cha kuanikwa juani, na sikutaka mtu ahisi kwamba ameshinikizwa na posho. Niliiomba kwa wanawake watatu tu, tukazungushia kanga kwenye ua wa nyumba, wao kwa wao wakisaidiana, nami nikiwa upande wa pili nikipitisha karatasi kwa chini. Mmoja amelala chali juu ya karatasi akiwa na kanga yake mwilini, kwa hiyo kilichochapwa ni mgongo na kitambaa pamoja, na pindo la kanga limeacha mstari mwembamba kuanzia begani. Mifupa ya mabega haikulingana. La kulia limeshuka. Wenzake walicheka wakasema ndilo bega la gunia, kwa kuwa mwani uliojaa maji hubebwa hivyo kila bamvua kutoka shambani hadi kwenye vichanja vya kuanikia. Yeye mwenyewe alilitazama umbo lake kwa muda na kuuliza kama bega lilikuwa hivyo tangu lini. Hakuna aliyeweza kumjibu.

Picha hiyo ndiyo ya kumi na tano, na nadhani ndiyo iliyo bora kuliko zote hadi sasa.

Septemba

Kazi ya bahari imepungua kwa sababu upepo wa kusi umekuwa mkali, nami nimeutumia mwezi kwa ajili ya bibi.

Picha sita za mwisho hazitakuwa na mwani bali na usumba, na nimetaka ziwe za rangi ya usumba, si buluu. Njia ipo, na vifaa vyake vyote vinajulikana hapa. Picha ya buluu huloweshwa kwanza katika maji ya magadi, haya haya ya kulainishia maharage, na ule ualikali ulionitia hasara mwezi wa Julai sasa unafanya kazi niliyoutuma: buluu inafifia hadi manjano. Kisha picha inaingizwa katika maji yaliyochemshwa magome ya mkandaa, mmoja wa miti ya mikoko. Mkandaa una tanini nyingi, ndiyo maana magome ya mikoko yalikuwa bidhaa ya kusindika ngozi, na tanini ikikutana na chuma iliyobaki ndani ya karatasi hutoa kahawia nzito inayokaribia weusi. Sikukata mti. Magome niliyotumia nimepewa na msusi wa mikeka aliyekuwa nayo ndani kwa miaka, makavu kama vigae.

Waliokuja kusokota ni wanawake wanne ambao bado wanaifanya kazi hiyo. Nilitandika karatasi chini ya viganja, wakasokota juu yake kwa dakika kumi, kwa mwendo wao. Kilichotokea si umbo la mkono. Viganja vimepishana mara nyingi mno hata vimekuwa wingu moja la kahawia hafifu, na katikati ya wingu hilo, kwa kuwa muda wote haikuwa na pa kwenda, kamba imesimama nyeupe na kali. Nilikaa mbele ya picha ya kwanza nikalia, na sioni haya kuandika hivyo. Ndivyo nilivyomkumbuka bibi siku zote, mikono isiyoshikika kwa macho na kamba inayoonekana.

Oktoba

Mambo mawili ya kuandika kabla ya kufunga awamu hii.

Mama mmoja miongoni mwa wale wa Julai ameniomba picha yake irudi, kwa sababu mwanawe wa kiume hakupendezwa. Nilimpelekea siku hiyo hiyo pamoja na karatasi ya ridhaa aliyoitia dole gumba, naye akaichana mbele yangu kwa upole. Picha sasa ni 23, na sitatafuta nyingine ya kujazia idadi.

La pili linahusu ile picha ya mamamkubwa. Niliitundika kando ya dirisha tangu Julai ili niwe naiona, na mwangaza wa miezi miwili ukaila. Mwanzoni mwa Septemba buluu ilikuwa imekonda kiasi kwamba vidole havikutofautiana na karatasi. Nilisikitika, nikaishusha na kuiweka kabatini chini ya nguo. Juzi nimeifungua. Buluu imerudi, karibu yote, pamoja na ule ukungu wa kingo. Hii ni tabia ya kikemia ya rangi hii: mwanga mwingi huipokonya rangi yake, na giza lenye hewa huirudishia, mradi tu karatasi isifungiwe ndani ya plastiki.

Kwa hiyo nimebadilisha mpango wa maonyesho. Picha hazitakaa ukutani kwa mwezi mzima. Zitagawanywa mafungu mawili, fungu moja likitundikwa wakati wa bamvua na jingine likipumzika ndani ya sanduku la mbao, kisha yabadilishane maji yanapokufa. Fundi seremala ameshapewa vipimo vya sanduku, na mamamkubwa ameniambia kitasa kiwe cha ndani, kama cha kasha la bibi.